Maoni: Taa ya pikipiki ni ya watu wawili, irekebishwe nyumbani kabla ya giza

Mjini Butembo, karibu kabisa na mstari wa ikweta, jua halichelewi kuzama. Saa kumi na mbili jioni watu wangali wanaonana vizuri. Nusu saa baadaye, katika mitaa isiyo na taa za barabarani, mtu anamtambua jirani yake kwa sauti. Na ni saa hiyo barabara inajaa. Akina mama wanatoka sokoni na mabeseni kichwani, wanafunzi wa mchana wanarudi nyumbani, chukudu ya mwisho inateremka na magunia ya viazi bila taa hata moja, na wamotari wanapanda na kushuka, kila mmoja akitafuta mteja wa mwisho.

Kisha pikipiki moja inatokea upande wa mbele. Mwanga wake ni mweupe, mkali, na unapiga usoni moja kwa moja. Mama mwenye beseni anasimama, anaweka mkono mbele ya macho. Motari anayekuja kutoka upande wa pili anapunguza mwendo. Abiria wake anamgusa begani:

« Motari, polepole, siko naona kitu. »

« Hata mie, mama. »

Maneno kama hayo yanasikika kila jioni, toka Bunia hadi Uvira. Mara nyingi pikipiki zinapishana, macho yanarudi, na kila mtu anasahau. Siku nyingine hazipishani salama. Asubuhi yake watu wanasema motari alikuwa na mwendo wa kasi, au barabara ni mbaya, au mama yule alivuka bila kutazama. Yote yanaweza kuwa kweli. Lakini ni wachache wanaouliza swali rahisi zaidi: taa ya pikipiki ile ilikuwa inatazama wapi?

Swali hilo ni la lazima, kwa sababu katika miji na vijiji vya mashariki mwa Congo pikipiki ndiyo gari la raia. Ndiyo inampeleka mwanamke mjamzito kwenye kituo cha afya, ndiyo inaleta mihogo kutoka shamba, ndiyo inampatia kijana asiye na kazi nyingine chakula cha watoto wake. Kuhusu hali ya barabara, motari hana uwezo wa kufanya kitu. Kuhusu umeme wa mji, hana uwezo. Kuhusu usalama, hana uwezo. Kuhusu taa yake, uwezo anao wote. Anaweza kuirekebisha nyumbani kwake, mbele ya ukuta wa nyumba, kwa funguo moja na turnavisi moja, katika muda usiozidi ule wa kupika chai. Kutofanya hivyo ni kosa ambalo halina udhuru.

Kwanza inafaa kuelewa namna gani taa inapotea njia. Watu wengi wanadhani taa inayoumiza macho ni taa yenye nguvu kupita kiasi. Mara nyingi si hivyo. Ni taa iliyoinuka. Taa ya nguvu ya kawaida ikitazama barabara haimsumbui mtu. Taa hiyohiyo ikitazama miti inampofusha kila anayekuja mbele.

Sababu ya kwanza ni mzigo. Pikipiki ndogo zinazofanya kazi ya taksi hapa, kama zile za TVS na za Bajaj, zina umbali wa karibu mita moja na robo kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Motari akipakia watu wawili na gunia moja, amotisere za nyuma zinalala, na mkia wa pikipiki unashuka. Tuseme unashuka sentimita 4 tu kuliko upande wa mbele. Ni kidogo, jicho haliwezi kuona. Lakini sentimita 4 juu ya mita moja na robo zinainua pua ya taa kiasi kwamba, katika kila mita 10 za mbele, mwanga unapanda zaidi ya sentimita 30.

Hesabu hiyo ifuatwe hadi mwisho. Taa iko kimo cha sentimita 90 kutoka chini. Ilikuwa imepangwa vizuri: katika mita 25 mbele, ukingo wa juu wa mwanga ulikuwa kwenye kimo cha sentimita 40, yaani chini ya magoti ya mtu mzima au karibu nayo. Baada ya mzigo, ukingo huohuo uko sentimita 120: ndipo uso wa mtoto wa shule, na ndipo macho ya dereva wa gari ndogo. Katika mita 50 unafika mita moja na nusu, na hapo ndipo macho ya motari mwingine anayekuja. Hakuna mtu aliyegusa taa. Ni abiria wawili na gunia.

Sababu ya pili ni maanguko. Katika barabara zetu, pikipiki ambayo haijawahi kulala chini ni ile ambayo ingali dukani. Kila ikianguka, chuma kinachoshika taa kinapinda kidogo, au bulo zake zinalegea. Fundi anaikaza tena upesi ili motari arudi kazini, bila kutazama mwanga unaenda wapi. Na kwenye pikipiki nyingi za namna hii taa inashikwa na bulo mbili tu za pembeni: zikilegea, kila shimo linaisogeza kidogo. Motari hatambui, kwani taa inabadilika polepole kama nywele zinavyoota.

Sababu ya tatu ni ampuli za sokoni. Ampuli ya LED inauzwa kwa sifa mbili: haili umeme mwingi, na inawaka nyeupe kama mchana. Sifa ya kwanza ni ya kweli na ina faida. Ya pili inaomba uangalifu. Kioo cha ndani ya taa, kile kinachorudisha mwanga mbele, kilitengenezwa kwa ajili ya ampuli ya uzi, na uzi ule uko pahali pamoja palipopimwa. Katika ampuli za aina ya H4 na HS1 kuna hata kijibati kidogo chini ya uzi wa taa ya chini, ambacho kazi yake ni kuzuia mwanga usiruke juu. LED ambayo vipande vyake vya kuwaka havikai pahali pa uzi inatawanya mwanga pande zote: kidogo barabarani, kidogo mitini, nyingi machoni pa watu. Motari anaona weupe mbele yake na kuamini amenunua mwanga. Kwa kweli amenunua ukungu unaong'aa.

Sababu ya nne inatokana na mipaka. Congo, Rwanda na Burundi zinatembea upande wa kuume wa barabara. Uganda, Kenya, Tanzania, na hata India ambako pikipiki nyingi zinatengenezwa, zinatembea upande wa kushoto. Kuna taa ambazo mwanga wake wa chini haukatwi sawasawa: upande mmoja unapanda kidogo ili kuonyesha ukingo wa barabara na watembea kwa miguu. Katika nchi za kushoto, upande unaopanda ni wa kushoto, na ni sawa kule. Ukivuka Kasindi au Mahagi na kuingia Congo, upande wa kushoto ndio unaotoka gari na pikipiki za mbele. Taa ya namna hiyo, hata ikiwa mpya na imekazwa vizuri, inawapiga watu wa hapa machoni kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya barabara ya mwingine. Si pikipiki zote ziko hivyo. Nyingi zina mwanga ulio sawa pande zote mbili. Lakini ukuta wa nyumba unaonyesha ukweli kwa dakika moja.

Basi, namna gani kazi hiyo inafanyika? Haiombi garaji. Inaomba ukuta, chaki, kamba, na watu wawili wa kusaidia.

Motari anaanza na hewa ya magurudumu. Gurudumu la nyuma likiwa na hewa kidogo, mkia unashuka na taa inainuka, na hesabu yote inaharibika. Baada ya hapo anapangusa kioo cha taa, kwani vumbi na matope navyo vinatawanya mwanga. Anatazama pia kama ampuli imekaa sawasawa ndani ya kikombe chake. Ampuli iliyolazimishwa ikalala upande haiwezi kurekebishwa na bulo ya nje. Inafaa itolewe na kurudishwa vizuri.

Kisha anachagua uwanja. Wakaaji wa Butembo na Bukavu watasema milima yao haina pahali palipo sawa, na wa Goma watasema yao ni mawe ya volkano. Si lazima uwanja uwe sawa kama meza. Ukiwa na mteremko mmoja usiobadilika, toka pikipiki hadi mguu wa ukuta, hesabu inabaki nzuri, kwa sababu taa na ukuta vinapimwa kutoka ardhi ileile. Kinachoharibu ni shimo au kifusi kilicho chini ya gurudumu moja.

Pikipiki inasimama ikitazama ukuta, umbali wa mita 5 kutoka kioo cha taa hadi ukutani. Asiye na mita anaweza kuazima ile ya fundi wa nguo na kupima kamba. Hata pikipiki yenyewe inaweza kuwa kipimo: nyingi ndogo zina urefu wa karibu mita mbili, basi urefu wake mara mbili na nusu unatosha.

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanasimamisha pikipiki kwenye stendi, wanawasha, wanatazama, wanaridhika. Pikipiki iliyo kwenye stendi haina mtu, na usiku haitembei bila mtu. Motari anapaswa kuketi juu yake, miguu ikigusa chini kidogo tu, na nyuma yake aketi mtu mmoja, kwani hiyo ndiyo hali yake ya kila siku ya kazi. Inafaa aitingishe mara mbili au tatu ili amotisere zitulie. Mtu wa tatu, hata mtoto mkubwa wa nyumba, anapima kimo kutoka ardhi hadi katikati ya taa. Kama ni sentimita 90, anaandika mstari wa chaki ukutani kwenye sentimita 90. Halafu anaandika mstari wa pili sentimita 10 chini yake, kwenye 80.

Giza likianza kuingia, taa ya chini inawashwa, ile ya kupishana. Kwenye pikipiki nyingi ndogo mwanga unafuata moteri: moteri ikilala, mwanga nao unafifia. Basi mafuta yanaongezwa kidogo ili taa iwake kama inavyowaka njiani. Ukutani panaonekana doa la mwanga, na juu yake giza. Ukingo wa juu wa doa lile ndio unaotafutwa. Ukiwa juu ya mstari wa kwanza, taa hiyo inapofusha watu. Ukiwa kwenye mstari wa pili, ni vizuri. Ukiwa chini sana ya mstari wa pili, motari mwenyewe haoni mbali.

Bulo za pembeni za taa zinalegezwa kidogo kwa funguo, mara nyingi ya 10 au ya 12, taa inainamishwa kwa mkono hadi ukingo ufike kwenye mstari wa pili, na bulo zinakazwa. Pikipiki nyingine zina visi moja chini ya taa, ya kuzungusha kwa turnavisi. Pande za kuzungusha hazifanani, basi inafaa kuzungusha kidogo, kutazama ukuta, kisha kuendelea. Baada ya kukaza inatazamwa tena, kwani taa hupenda kusogea wakati wa kukazwa.

Kwa nini sentimita 10? Mwanga unaoshuka sentimita 10 katika mita 5 unagusa ardhi mita 45 mbele ya taa iliyo kwenye kimo cha sentimita 90. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unaomba taa ya kupishana ionyeshe barabara kwa angalau mita 40 bila kuwasumbua wengine. Kipimo cha chaki ukutani na kipimo cha mkataba huo havipishani sana. Fundi wa Beni na mwanasheria wa Vienna wanaweza kukubaliana bila kuonana.

Wakati huohuo ukuta unaonyesha lile jambo la kushoto na kuume. Ikiwa ukingo wa doa unapanda upande wa kushoto, taa ile ni ya nchi za kushoto. Bulo haiwezi kuigeuza. Dawa ya haraka ni kuishusha hadi hata ule upande unaopanda ubaki chini ya mstari wa kwanza. Dawa ya kweli ni kutafuta taa yenye mwanga ulio sawa. Na ikiwa ni LED ambayo ukutani haitoi doa lenye ukingo bali weupe uliotapakaa hadi chini ya bati, ukuta umekwisha kutoa hukumu. Hakuna bulo itakayoiponya. Irudishwe ampuli ya uzi, au itafutwe LED ambayo vipande vyake vinakaa pahali pa uzi na inatoa ukingo ulio safi.

Linabaki swali la mzigo mkubwa. Taa iliyopangwa na abiria mmoja itainuka tena ikipakiwa wawili na gunia. Itashuka pia motari akiwa peke yake, na mwanga utaanguka karibu zaidi. Hapo ni mwendo unaopaswa kupunguka. Amotisere za nyuma za pikipiki nyingi zina hatua za kukaza springi: anayejua kwamba siku ile atabeba mizigo hadi Kasindi azikaze asubuhi. Ikiwa haitoshi, ainamishe taa kidogo kabla ya kuondoka. Motari anayefunga mzigo kwa kamba dakika ishirini hakosi dakika moja ya taa.

Kuna wanaopinga, na hoja zao si za kudharau.

Wengine wanasema barabara ni mashimo matupu, na bila mwanga mkali wa mbali motari atajiua mwenyewe. Ni kweli anahitaji kuona. Lakini shimo linaonekana kwa mwanga unaoanguka chini, si kwa mwanga unaopita juu yake. Taa iliyoinuka inaangaza majani ya mgomba na kuacha giza pale gurudumu linapokwenda kukanyaga. Wengi waliorekebisha taa wanadhani wameongeza nguvu, ilhali wameirudisha tu barabarani. Tena, taa ya juu ipo kwa ajili hiyo: barabara ikiwa tupu iwashwe, mtu akitokea mbele izimwe. Hiyo ni kazi ya kidole gumba kimoja.

Wengine wanasema usiku ni wa majambazi, na mwanga mkali usoni unamlinda motari: adui hawezi kumtambua wala kumlenga. Hofu hiyo ina msingi, na hakuna anayeishi mashariki anayeweza kuicheka. Mara kadhaa viongozi wa miji hii walikataza pikipiki kutembea baada ya saa kumi na mbili jioni kwa sababu za usalama, na familia nyingi zilipoteza vijana wao katika njia za usiku. Lakini taa inayopofusha haichagui. Jambazi anayejificha pembeni haimpati, kwani yuko pembeni. Anayepofushwa ni yule aliye katikati ya barabara bila kosa: motari mwenzake, mama wa soko, msukuma chukudu. Wanaopigwa na silaha hiyo ni ndugu.

Wengine wanasema mwenye pikipiki anataka hesabu yake kila jioni, polisi wa barabarani wanataka karatasi, mafuta yamepanda, na hakuna makuta ya kupoteza kwa taa. Kwa bahati nzuri hii ndiyo kazi pekee ya pikipiki isiyoomba makuta. Chaki ni ya mtoto wa shule, ukuta ni wa nyumba, funguo inaazimwa kwa jirani. Kinachoombwa ni nia.

Na wengine wanasema ni kazi ya serikali: kuweka taa barabarani, kutengeneza njia, kukagua pikipiki. Wana haki, na wasichoke kuidai. Nchi ina sheria ya barabara tangu tarehe 30 Agosti 1978. Si sheria inayokosekana. Ingefaa anayesimamisha pikipiki jioni atazame kwanza taa, ndipo aombe karatasi, kwa sababu karatasi haijawahi kumgonga mtu. Lakini mtu anayengoja taa ya mji iwashwe ili aache kumpofusha jirani yake atangoja akiwa na damu mikononi. Kosa la serikali halifuti la motari. Yote mawili yako barabarani usiku uleule.

Kuna jambo ambalo vyama vya wamotari vinaweza kufanya bila kungoja ruhusa ya mtu. Karibu kila parkingi iko mbele ya ukuta. Mistari miwili ya rangi kwenye ukuta ule, jiwe jeupe lililowekwa mita 5 mbele yake, na mzee mmoja wa parkingi anayeelewa kazi hii, vinatosha. Mara moja kwa mwezi, na kila mara pikipiki ikianguka, motari anasimama pale jioni, wenzake wawili wanatazama, na taa inakazwa. Kijana anayejifunza kuendesha afundishwe ukuta kabla ya kufundishwa kona. Wenye pikipiki nao, wanaotazama mafuta ya moteri na mnyororo kabla ya kumpatia kijana kazi, watazame taa pia: pikipiki iliyogongana ni hasara yao kabla ya kuwa ya mtu mwingine. Na wauza ampuli wanaojua kwamba bidhaa fulani inapofusha wamwambie mteja ukweli, hata kama mteja anataka ile inayong'aa zaidi.

Abiria pia ana sauti. Mama anayepanda pikipiki jioni na kuona mwanga unaangaza bati za nyumba badala ya barabara anaweza kusema: « Motari, taa yako inatazama mbingu. » Neno hilo moja, likisemwa na wateja kumi kwa juma, lina nguvu kuliko bango lolote.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Lakini mwenye macho aliyepofushwa, hata akiambiwa, atatazama nini? Jicho lililopigwa na mwanga mkali linahitaji sekunde kadhaa kurudi. Pikipiki yenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa inakula mita 11 kwa kila sekunde. Sekunde tatu ni zaidi ya mita 30 ambazo mtu anatembea bila kuona, na ndani ya mita hizo kuna pahali pa kutosha pa mtoto kuvuka.

Taa ya pikipiki inanunuliwa na mtu mmoja, lakini ni ya watu wawili: anayeendesha, na yule anayekutana naye. Motari anayeirekebisha leo hamfanyii mgeni tu wema, kwani kesho jioni, kwenye kona ileile, huenda mwenye beseni kichwani atakuwa mama yake mwenyewe akirudi kutoka sokoni.